OpenPLC ndani ya Raspberry Pi: tathmini ya meza ya kujifunzia mtandao wa kiwanda na ulinzi wake, kwa mafundi wa Arusha na Moshi

Kama wewe ni fundi umeme uliyezoea kontakta na floti swichi, na sasa unataka kuingia upande wa mtandao wa kiwanda, swali la kwanza ni ununue nini. Jibu letu ni OpenPLC toleo la 3 ndani ya Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, pamoja na vifaa vichache vinavyoenea juu ya meza moja. Kwa kujifunza kuandika programu za mtandao na kulinda mitambo tunaipa 4 kati ya 5. Kwa anayetaka kuitwa kesho kufufua PLC (kompyuta ya kuendeshea mitambo) ya Siemens iliyogoma tunaipa 2, na sababu tutazieleza.

OpenPLC ni programu inayoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa PLC. Ilianzishwa na Thiago Alves, ni ya bure na kodi yake (msimbo wa programu) iko wazi. Unachora mantiki kwenye laptopu kwa ladda (mchoro wa ngazi) au lugha nyingine kati ya tano za kiwango cha IEC 61131-3, unapata faili la .st, unalipakia kwa kivinjari kupitia poti 8080. Kuanzia hapo inafanya kazi kama PLC yoyote: inasoma pembejeo, inapitia mantiki, inatoa matokeo, inarudia tena. Kwenye mtandao inajibu kwa itifaki tatu, yaani lugha za mawasiliano ya vifaa: Modbus TCP kwenye poti 502, DNP3 kwenye 20000 na EtherNet/IP kwenye 44818. Hiyo Modbus ndiyo ya kuanza nayo. Ipo tangu 1979, na watengenezaji wengi wa mita za umeme, invata za mota na sensa wameiweka kwenye vifaa vyao, kwa hiyo utakutana nayo uwe unahudumia pampu za kisima Moshi, mashine za kiwanda Themi au umwagiliaji wa maua Usa River.

Tunaipenda kwa sababu haifichi kitu. Udhaifu ambao kiwandani umefungiwa ndani ya kabati la chuma, hapa unauona, unaugusa na kuuziba kwa mkono wako, na ukiharibu unapoteza taa ya 24 V basi.

Vifaa vyenyewe ni hivi. Raspberry Pi 4 yenye RAM ya 2 GB inatosha. Ongeza kadi ya SD ya 32 GB, moduli ya rilei moja, vitufe viwili, pawa saplai ya 24 V DC na taa yake, kibadilishi cha USB kwenda RS-485 (laini ya data ya waya mbili), sensa ya joto na unyevu aina ya XY-MD02, swichi ya TP-Link TL-SG105E, ruta ya MikroTik hEX na moduli ya saa ya DS3231. Bei hatuandiki kwa sababu zinafuata dola. Ulizia Arusha mjini kwanza, kisha linganisha na Kariakoo ukijumlisha nauli ya kifurushi cha basi. Usishawishike na yale maboksi ya sensa 37, kwa somo hili utahitaji moja tu. Mwanafunzi ambaye hana fedha ya vifaa anaweza kuiweka OpenPLC kwenye laptopu yenye Ubuntu na kufanya karibu kila kitu kilichomo humu, atakosa tu mlio wa rilei.

Adapta ya simu ndiyo inayoanza kuleta usumbufu. Pi 4 inataka 5 V na 3 A. Ukiipa adapta dhaifu, volti inashuka rilei inapovuta, na Pi inajipunguza kasi au inajizima bila kusema neno. Andika vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa 0x0 uko salama. Likiwa 0x50000, umeme ulishapungua angalau mara moja tangu ilipowashwa, kwa hiyo badilisha adapta kabla hujaanza kutafuta kosa kwenye programu.

Kusakinisha ni mistari mitatu:

git clone https://github.com/thiagoralves/OpenPLC_v3.git
cd OpenPLC_v3
./install.sh rpi

Kwenye laptopu ya Ubuntu, badala ya rpi andika linux. Hatua hii inapakua vitu vingi na kuvijenga palepale, kwa hiyo inataka bando la kutosha na umeme usiokatika. Umeme ukikatika katikati, futa folda nzima uanze upya. Kuendelea juu ya usakinishaji uliovunjika huleta makosa ambayo hayaeleweki yanatoka wapi. Ikikamilika, fungua anwani ya Pi kwenye kivinjari, poti 8080, jina openplc na nenosiri openplc. Nenosiri hilo usilibadilishe bado, lina somo lake.

Sasa pini, maana hapa wengi hudhani Pi ni mbovu. Pembejeo mbili za kwanza, %IX0.0 na %IX0.1, ziko kwenye pini ya 3 na ya 5, na pini hizo zina ukinzani wa kudumu unaozivuta kwenda 3.3 V. Zitasoma 1 hata kama hujaunga waya wowote. Ziache. Tumia %IX0.2 kwenye pini ya 7 kwa kitufe cha kuanza na %IX0.3 kwenye pini ya 11 kwa kitufe cha kusimamisha, vyote vikichukua 3.3 V kutoka pini ya 1. Kwa pato, ruka %QX0.0 iliyo pini ya 8, kwa kuwa pini hiyo ndiyo pia ya kutolea data ya seriali, na ukiwa umewasha konsoli ya seriali rilei itapigapiga kila Pi inapowaka. Chukua %QX0.2 kwenye pini ya 16. Volti 24 isiguse pini yoyote ya Pi hata kwa sekunde moja. Inapita kwenye mguso wa rilei tu. Tena nunua moduli ya rilei yenye kijampa cha H na L, ukiweke H. Zile zinazovuta ishara ikishuka hadi 0 zimetengenezwa kwa 5 V, na ishara ya 3.3 V ya Pi mara nyingine inashindwa kuziachisha.

Chora sasa ile ngazi ya kujishikilia ambayo kila fundi wa kontakta anaijua: Anza, sambamba na mguso wa Pampu, halafu Simama ya kawaida kufungwa, kisha koili ya Pampu. Pakia, bonyeza Anza, taa inawaka na kubaki. Bonyeza Simama, inazima. Hapo una "pampu" inayofanya kazi vizuri kabisa, na somo lenyewe linaanza.

Kwenye laptopu iliyo mtandao mmoja na Pi, andika hivi kwa Python, bila maktaba yoyote ya nje (192.168.50.10 ni anwani ya Pi):

import socket
s = socket.create_connection(("192.168.50.10", 502), 3)
s.send(bytes.fromhex("00010000000601050002FF00"))
print(s.recv(64).hex())

Rilei inalia ta, taa inawaka, na haizimi. Hakuna aliyegusa kitufe, hakuna nenosiri lililoulizwa. Zitazame zile baiti 12 moja moja. 0001 ni namba ya muamala, unajichagulia mwenyewe. 0000 ni namba ya itifaki, siku zote sifuri. 0006 inasema baiti sita zinafuata. 01 ni namba ya kifaa. 05 ni amri ya kuandika koili moja. 0002 ni anwani ya koili, yaani %QX0.2. FF00 maana yake washa. Ungeandika 0000 ingekuwa zima. Tafuta mahali pa jina la mtumaji au nenosiri, hutapaona, kwa sababu hapakuwekwa. Kifaa kinakubali kwa kukurudishia baiti zilezile 12 kama zilivyo. Mwaka 2018 lilitoka toleo la Modbus lenye TLS (usimbaji wa mawasiliano) na vyeti, linalotumia poti 802, lakini vifaa vilivyokwisha kufungwa ukutani havikujibadilisha kwa ajili hiyo.

Kwa nini taa inabaki inawaka wakati amri ilikwenda mara moja tu? Jibu la swali hili ndilo linalomtofautisha aliyeelewa na aliyenakili. Futa ule mguso wa kujishikilia, pakia upya, tuma tena baiti zilezile. Safari hii rilei haitikisiki, ingawa jibu kwenye skrini linasema imefaulu. Amri ya mtandao iliandika 1 kwenye kumbukumbu ya Pampu katikati ya mizunguko miwili, kisha mzunguko uliofuata, ndani ya milisekunde 20 hivi, ukapitia ngazi, ukaona Anza haijabonyezwa, ukaandika 0 juu yake. Kukiwa na mguso wa kujishikilia, mzunguko unaofuata unaikuta Pampu ina 1, unaamini pampu ilikuwa inafanya kazi, na mantiki yako mwenyewe inaendeleza kazi ya mvamizi.

Ukishaona hilo utaelewa pia kwa nini anayeijua kazi hahangaiki na koili. Anaandika kwenye rejista ya kikomo. Weka kiwango cha kuzimia pampu kwenye %MW0, ambayo kwa Modbus ni rejista 1024, kisha kibadilishe kwa amri ya 06 kutoka 90 kwenda 900. Ngazi haitaifuta kwa sababu hakuna mstari wowote unaoiandika, na skrini ya opereta itaendelea kuonyesha kila kitu kiko sawa hadi tanki lifurike. Mambo haya yameshatokea. Mwezi Januari 2024 kule Lviv, Ukraine, programu iliyopewa jina FrostyGoop ilituma amri za Modbus TCP kwa vidhibiti vya mfumo wa kupasha majengo joto, na majengo zaidi ya 600 yakakosa joto kwa karibu siku mbili katika baridi kali.

Dawa ya kwanza haimo kwenye mtandao. Floti swichi ya maji kuisha na ile ya maji kujaa ziungwe kwa waya, mfululizo na koili ya kontakta, nje ya PLC. Waya huo hauna anwani ya IP. Mezani uigize kwa swichi ya kawaida iliyo mfululizo na taa ya 24 V, utume amri ya kuwasha mara mia, uone kama taa itakutii.

Upande wa kuandika programu, OpenPLC ni mwenza mvumilivu, lakini kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni recv. TCP ni mkondo, haikuahidi kukuletea jibu lote kwa mkupuo mmoja. Ile mistari minne hapo juu inafanya kazi mezani, ila kwenye laini iliyojaa itakuletea jibu nusu. Soma baiti 6 kwanza, chukua urefu ulioandikwa kwenye ya tano na ya sita, kisha endelea kusoma hadi zitimie. Wa pili ni maktaba ya pymodbus. Mifano mingi utakayoikuta inasema from pymodbus.client.sync, hiyo ni ya toleo la 2. Kuanzia 3.0 sehemu ya sync imeondolewa, na jina la kigezo cha namba ya kifaa limehama kutoka unit kwenda slave, halafu tangu 3.10 ni device_id. Funga toleo moja ndani ya venv yako (mazingira ya Python ya mradi mmoja) na usilisasishe katikati ya mradi. Ubuntu za karibuni zinakataa pip nje ya venv hata hivyo.

Mtego wa tatu ni mpangilio wa rejista, nao huwapotezea watu siku nzima. Mita ya umeme inatuma volti kama namba ya desimali ya biti 32 ndani ya rejista mbili. 230 inaandikwa 4366 na 0000. Ukizisoma kwa kuzigeuza unapata namba ndogo mno, kiasi kwamba skrini inaonyesha 0.0, nawe unaanza kukagua waya ambazo ni nzima. Kabla ya kushika bisibisi, chapisha rejista zenyewe kwa heksi. Vilevile karatasi ya mita ikisema rejista 40001, kwenye fremu unatuma 0. Ukipata jibu lenye 83 na 02, kifaa kinakwambia anwani hiyo hakina.

Sensa ya XY-MD02 ni ya kujifunzia RS-485, na kwa bei yake hatujaona inayofundisha zaidi. Inakubali 5 hadi 30 V, inakuja na namba ya kifaa 1, kasi 9600, 8N1. Unaituma 01 04 00 01 00 01 60 0A, nayo inajibu kwa mfano 01 04 02 01 31 79 74. Hiyo 0131 ni 305, yaani nyuzi 30.5. Baiti mbili za mwisho ni CRC, yaani hesabu ya kuhakiki ujumbe, na zoezi zuri ni kuandika kitendakazi chako cha kuikokotoa, kisha ukilinganishe na 79 74. Kumbuka baiti ndogo hutangulia. CRC inagundua kelele za waya. Haizuii mtu, kwa kuwa yeyote anaweza kuikokotoa upya.

Sensa isipojibu, badilisha A na B kwanza, maana watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi, na kuzigeuza hakuunguzi kitu. Kwa waya wa mita moja huhitaji ukinzani wa 120 ohm. Kwenye laini ndefu unauweka kwenye ncha mbili tu, si kwenye kila kifaa. Na kama uko Ubuntu 22.04 na /dev/ttyUSB0 inatokea kisha inatoweka, kibadilishi chako chenye chipu ya CH340 hakina kosa. Ipo programu ya kusaidia wasioona iitwayo brltty inayokinyakua ikidhani ni kifaa chake. Kama huihitaji, sudo apt remove brltty inamaliza jambo. Halafu jiongeze kwenye kundi la dialout, utoke na kuingia tena.

Swichi ya TL-SG105E tumeiweka kwenye orodha kwa kazi moja: kunakili trafiki ya poti moja kwenda nyingine. Swichi za kawaida hazikuonyeshi mazungumzo ya vifaa viwili vingine, kwa hiyo Wireshark, programu yako ya kutazama pakiti, itabaki tupu ukidhani imeharibika. Nakili poti ya Pi kwenda poti ya laptopu, weka kichujio modbus.func_code == 5, na kila atakayewasha pampu utamwona na anwani yake. Ukijaribu seva yako kwenye poti 5020 ili kukwepa kutumia sudo, Wireshark haitaitambua hadi uiambie kwa mkono kuwa ile ni Modbus.

Ruta ya MikroTik ndiyo inayomkomaza mtu. Lengo: mtandao wa 192.168.50.0/24 wa PLC uwe peke yake, mtandao wa 192.168.60.0/24 wa ofisi uwe kando, na skrini ya opereta pekee ndiyo iruhusiwe kufika poti 502. Kosa la kwanza, karibu kila anayeanza hulifanya: anaandika sheria nzuri kabisa za fayawoli, lakini Pi na laptopu zote ziko ndani ya briji moja. Pakiti zinapita chini kwa chini kwenye chipu ya swichi, hazifiki kwenye sheria. Kaunta ya sheria inabaki 0. Toa ether5 kwenye briji, ipe 192.168.50.1, Pi iwe 192.168.50.10 na njia yake ya kutokea iwe 192.168.50.1. Kosa la pili: unaongeza sheria ya kuzuia, lakini programu yako iliyokwisha kuunganishwa inaendelea kuwasha pampu kama kawaida. Ni kwa sababu miunganisho iliyokwisha kuanza inaruhusiwa na sheria ya juu kabisa. Futa muunganisho huo kwenye jedwali la miunganisho, kisha jaribu tena.

Fayawoli hiyo ikikaa sawa, bado ina pengo: inaona poti, haioni amri. Skrini inayoruhusiwa kusoma inaweza pia kuandika, na mvamizi akiikamata skrini ameikamata pampu. Hapa ndipo ujuzi wa kuandika programu unapolipa. Andika kwa Python kipatanishi kidogo kinachokaa kati, kinapokea fremu nzima, kinaangalia baiti ya 8, na kupitisha amri za 1 hadi 4 tu. Amri ya 5, 6, 15 au 16 ikija, kinarudisha kosa 01 na kuandika kwenye logi saa na anwani ya mtumaji. Ni kama mistari 60 hivi. Mwanafunzi akiimaliza peke yake, akaijaribu kwa fremu iliyokatwa katikati na kwa fremu mbili zilizogandana, tunamhesabu ameivuka hatua ya kuanza. Ukitaka kulinganisha na kazi ya wengine, Suricata, programu ya kugundua uvamizi, inaisoma Modbus, ila kwenye suricata.yaml inakuja imezimwa na lazima uiwashe.

Turudi kwenye poti 8080 na lile nenosiri la openplc. Ukurasa huo haukupakii programu tu. Sehemu yake ya vifaa inapokea kodi ya kujengwa ndani ya Pi, na ndiyo iliyoandikishwa kwenye orodha ya udhaifu wa programu kama CVE-2021-31630: anayeingia anaendesha chochote anachotaka. Mezani lifanye jaribio hilo, kisha badilisha nenosiri na uzuie 8080 isifikiwe kutoka mtandao wa ofisi. Novemba 2023 mamlaka ya maji ya Aliquippa, Pennsylvania, ilivamiwa kupitia PLC ya Unitronics. Vifaa vya aina hiyo vilikuwa vikionekana intaneti kwenye poti 20256, na nenosiri la kiwandani lilikuwa 1111. Hapakuhitajika ufundi wowote wa ajabu.

DS3231 mnunuzi huiona ya ziada hadi afike kwenye OPC UA, itifaki ya kiwandani yenye ulinzi wa vyeti. Hiyo tunaiweka kando ya OpenPLC kwa maktaba ya asyncua, poti 4840, hali ya SignAndEncrypt, vyeti pande zote mbili. Inafanya kazi vizuri jioni, asubuhi inakataa kuunganisha. Kilichotokea ni kwamba Pi 4 haina saa yenye betri. Umeme ulipokatika usiku na intaneti haikuwepo uliporudi, iliamka ikiwa na tarehe ya nyuma, na cheti ulichokitengeneza jana kikaonekana bado hakijaanza kutumika. Kwetu ambako umeme hukatika, hili si jambo la kufikirika. Weka DS3231 yenye betri yake, uisajili kwenye config.txt kwa dtoverlay=i2c-rtc,ds3231. Inatumia pini za 3 na 5, zilezile mbili ulizoambiwa uziache. Ila chora ngazi zako bila kuzigusa kabisa, na kwenye ukurasa wa vifaa hakikisha OpenPLC haizichukui kwa matumizi mengine.

Yanayoipunguzia alama ni haya. OpenPLC haikufundishi TIA Portal (programu ya kupangia PLC za Siemens), wala PROFINET (itifaki ya mtandao wa kiwanda), wala kusoma kitabu cha alamu cha mashine ya kujaza chupa, na hizo ndizo kazi ambazo fundi wa zamu huitiwa usiku. Siemens wanatoa TIA Portal ya majaribio ya siku 21, anza kuihesabu ukiwa na muda wa kukaa nayo kila siku. Pili, Linux ya kawaida kwenye Pi haikuhakikishii mzunguko wa muda uleule, na kadi ya SD hufa. Usiifunge kwenye pampu halisi, hata ya nyumbani kwako. Tatu, maelezo yake yametawanyika; asiyesoma kodi atakwama mahali.

Na ulichojifunza mezani kibaki mezani. Kuskani mtandao wa kiwanda kwa nmap (programu ya kutafuta vifaa na poti) "kuona tu" ni hatari: mwongozo SP 800-82 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unaeleza jinsi ping ya kutafuta vifaa ilivyoufanya mkono wa roboti wa takriban mita 3 kuzunguka wenyewe. Hapa Tanzania, kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata kama hukuharibu kitu. Kama uko kwenye mafunzo ya vitendo kiwandani, omba ruhusa kwa maandishi kutoka kwa mkuu wa matengenezo, na hata ukipewa, anza kwa kusikiliza kupitia poti ya nakala bila kutuma pakiti hata moja.

Meza ikikuishia mambo mapya, kifaa cha kuongeza ni Siemens LOGO! 8, aina ya 12/24RCE. Ni ya kiwandani kweli: inakaa kwenye reli, ina pembejeo 8 na rilei 4, na pawa saplai yako ya 24 V inaitosha. Kodi yako ya Modbus itaendelea kufanya kazi, ila anwani zinabadilika: Q1 iko koili 8193, M1 iko 8257, na VW0 ni rejista 1, kwa hesabu ya kuanzia 1. Kabla ya kulipia iliyokwisha kutumika, geuza ubavu usome namba. Zinazoanza na 6ED1052-1MD08 zina Modbus TCP. Iliyoandikwa 0BA7 mwishoni ina tundu la mtandao lakini Modbus haina. Muulize muuzaji na toleo la programu ya ndani pia, kwa kuwa zilizo chini ya 8.3 zina udhaifu uliotangazwa 2019 unaomruhusu mtu aliyefika poti 10005 kuchukua mradi mzima na kubadilisha mipangilio. Kwa meza ya mazoezi hiyo ni faida, ifunge nyuma ya ether5 na uitumie.